Anayeacha Alipwe: Hesabu ya Uhifadhi wa Hiari Katika Ufuo wa Rumonge

Anayesafiri kutoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara ya taifa namba 3 huliacha ziwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto kwa kilomita 70 na ushei. Katika ukanda huo mwembamba kumesongamana karibu kila kitu ambacho Burundi inakihitaji na kukigombania: ndagala na mukeke, michikichi na mihogo, mito ya kuzalisha umeme, fukwe za Resha, na huko juu mabaki ya miombo ambamo sokwe wangali wanaishi.

Sheria za kuulinda ukanda huu hazikosekani. Sheria ya Maji ya Machi 2012 imetenga mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika ziwe eneo la kinga. Kuna hifadhi nne zinazopakana au kukaribiana: Rumonge, Vyanda, Kigwena na Bururi. Kuna shirika la serikali, OBPE, lililoundwa 2014 kushika kazi ambayo shirika lililolitangulia, INECN, liliianza 1980. Hata hivyo mihogo imelimwa hadi majini, nyumba zimejengwa juu ya mchanga, na kuni zinatoka mle mle hifadhini. Katazo limefika mahali pengi kabla ya mbadala wake.

Ndiyo maana inafaa kuuliza swali la upande wa pili: je, mkulima au mvuvi wa Rumonge anaweza kuyaacha makazi ya samaki, ndege na wanyama kwa hiari yake kwa sababu kuacha kunamlipa? Wazo lenyewe si geni duniani. Marekani imekuwa ikiwalipa wakulima tangu sheria ya kilimo ya 1985 ili wapumzishe ardhi dhaifu kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15 na kuiachia nyasi, miti na ndege. Costa Rica ilianza 1997 kuwalipa wenye misitu kwa fedha zilizotokana zaidi na kodi ya mafuta ya magari. Huku kwetu, Wamaasai wanaopakana na Maasai Mara wanakodisha mashamba yao kwa kampuni za utalii ili wanyama wapite, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 imezitambua hifadhi hizo za wenyeji.

Hoja ya makala haya ni fupi. Faida ya uhifadhi wa hiari katika ufuo huu ipo, tena ya kutosha, lakini haijipeleki yenyewe kwa mtu aliyeacha. Mpango utakaosimama ni ule utakaoanzia pale ambapo anayefaidika yuko karibu na anayeacha, na ambapo faida inarudi mapema kuliko njaa.

Hesabu ya anayeacha

Tuanze na familia moja ya kawaida juu ya kilima chochote cha Rumonge. Shamba lake halifiki nusu hekta, kwa kuwa Burundi ina watu zaidi ya milioni 12 katika eneo la kilomita za mraba 27,834, na sehemu ya eneo hilo ni maji. Shamba lina michikichi, mihogo, maharage na migomba. Chini yake kuna kijito, na kando ya kijito kuna kipande chenye matete na miti michache. Kipande hicho ndicho kinachoshikilia udongo, ndicho maficho ya ndege na kenge, na ndicho kinachochuja maji kabla hayajafika ziwani. Kwa macho ya mwenye shamba, ndicho pia mahali pekee palipobaki pa kuongeza mistari miwili ya mihogo.

Akikilima, mavuno ni yake peke yake. Akikiacha, faida inatawanyika: maji safi kwa walio chini, samaki kwa wavuvi wa mwambao, tope pungufu kwa mitambo ya umeme, hewa ya ukaa kwa ulimwengu mzima. Yeye hubakiwa na gharama, na gharama yenyewe si ya mihogo tu. Pori likistawi, nyani hushuka shambani, na karibu na ziwa viboko hupanda usiku kula mahindi. Hakuna anayemlipa kwa hasara hiyo. Mwenye njaa hana miiko, na mtu wa namna hii akikata matete yake hapaswi kuitwa mjinga, maana amepiga hesabu iliyo mbele yake na kupata jibu sahihi.

Uhifadhi wa hiari unajaribu kuibadilisha hesabu hiyo, na ushahidi wa karibu kabisa unatoka Uganda. Kati ya 2011 na 2013, katika wilaya za Hoima na Kibaale zilizo upande wa mashariki wa Ziwa Albert, wenye misitu ya binafsi waliahidiwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka, sawa na dola 28 za wakati ule, wasipokata miti. Vijiji 121 vilihusishwa na kugawanywa kwa kura: 60 vikapewa mpango, vingine vikabaki kama vilivyokuwa. Matokeo yalichapishwa 2017 katika jarida la Science na mchumi Seema Jayachandran na wenzake. Katika vijiji visivyolipwa eneo la miti lilipungua kwa asilimia 9.1 ndani ya miaka miwili. Katika vilivyolipwa lilipungua kwa asilimia 4.2. Thamani ya hewa ya ukaa iliyocheleweshwa kuingia angani ilikadiriwa kuwa mara 2.4 ya gharama ya mpango. Misitu hiyo ni njia ya sokwe, kwa hiyo mnyama naye alipata chake.

Majibu hayo yanatia moyo, lakini yakihamishiwa Rumonge kama yalivyo yanavunjika. Malipo ya kila hekta humfaa mwenye hekta kadhaa. Mtu wa Rumonge anayeweza kuacha robo hekta angepata, kwa bei ile, dola 7 kwa mwaka, na gharama ya kumpimia shamba, kumwandikia mkataba na kumtembelea ingezidi malipo yenyewe. Mahali ambapo ardhi imekatwakatwa hivi, mkataba unapaswa kufungwa na kilima kizima, mwalo mzima au kikundi cha watu wa bonde moja, na malipo yahesabiwe kwa matokeo ya pamoja. Hilo ndilo somo la kwanza, na linatupeleka moja kwa moja ziwani, ambako kitu kinachotunzwa ni cha wote tangu mwanzo.

Ziwani: faida inayorudi mapema

Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachokaribia mita 1,470. Kongo ina asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Uvuvi wa Burundi unategemea hasa ndagala, ambaye Kigoma wanamwita dagaa, na mukeke anayemla ndagala huyo. Wavuvi hutoka usiku usio na mbalamwezi, huwasha taa kuwavuta samaki, kisha huinua wavu kati ya mitumbwi iliyofungwa pamoja. Asubuhi kina mama hununua, huanika na kuuza. Mnyororo huo ndio unaolisha Rumonge.

Mavuno yameshuka, na sababu ni zaidi ya moja. Utafiti uliochapishwa 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba ongezeko la joto limefanya maji ya juu na ya chini yachanganyike kwa shida, virutubisho havipandi, na uzalishaji wa ziwa umepungua kwa takriban asilimia 20. Utafiti mwingine wa 2016 ulikadiria kwamba sakafu ya ziwa yenye oksijeni, ambako viumbe wengi wa pembeni huishi, imepungua kwa asilimia 38 tangu 1946. Mvuvi wa Rumonge hawezi kulipoza ziwa. Analoweza, pamoja na majirani zake wa milimani, ni kupunguza madhara mawili yanayotokana na mikono ya watu wa hapa: nyavu za macho madogo zinazozoa samaki wachanga ufukweni, na udongo unaoteremka milimani kufunika miamba na matete.

Hapa lazima tutenganishe samaki wa aina mbili, kwa kuwa hesabu zao hazifanani. Ndagala ni msafiri. Akikua huenda kilindini, na akivuka mpaka huvuliwa na Mkongo au Mtanzania bila kujali ni nani aliyemlea. Kikundi cha Rumonge kikifunga ghuba yake, sehemu ya faida itaogelea kwenda kwa jirani. Samaki wa miamba wako tofauti. Ziwa lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya sato na kuhe, karibu zote hazipatikani pengine duniani, na wengi wao huishi na kufa karibu na mwamba waliozaliwa. Ghuba iliyofungwa huwarudisha wao kwa aliyeifunga.

Samaki hao wana soko ambalo watu wengi wa ufuoni hawalioni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipoanzisha kampuni yake Bujumbura, samaki hai wa Burundi wamekuwa wakisafirishwa kwa ndege kwenda kwenye matangi ya kioo ya Ulaya na Marekani. Mnunuzi huko hutaka kujua samaki ametoka ufuo gani, kwa sababu rangi hubadilika kutoka mwamba hadi mwamba. Ni soko dogo, na likiachwa bila usimamizi linaweza kummaliza samaki yule yule. Lakini ni soko linalolipa kwa kila samaki mmoja mmoja, tena linadai mwamba usiofunikwa tope. Mwalo wenye mkataba na msafirishaji una sababu ya kifedha ya kupigana na kokoro na mmomonyoko.

Kufunga eneo kwa hiari kumejaribiwa katika mwambao wa Waswahili. Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi walikubaliana 2005 kuachia eneo la bahari la hekta zipatazo 30 lisivuliwe. Matumbawe yalirudi, samaki wakaongezeka, na wageni wakaanza kulipa kwenda kuyaona. Katika ziwa letu hili, upande wa Tanzania chini ya milima ya Mahale, vijiji vilivyo katika mradi wa Tuungane ulioanza 2012 vimetenga mazalia ya samaki na kuyalinda kupitia vikundi vya usimamizi wa fukwe, huku vikundi vya akiba na mikopo vikiwapa wanakijiji mtaji wa shughuli nyingine. Akiba hiyo ndiyo nguzo ya mpango: bila fedha ya kuvukia miezi ya kusubiri, mazalia hulindwa mchana na kuvuliwa usiku.

Linganisha na kufunga kwa amri. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki. Hatua hiyo ina mantiki ya kibiolojia. Kiuchumi, mzigo wake hauwi sawa kwa wote. Mwenye mashua na injini anaweza kusubiri miezi mitatu. Kibarua anayelipwa kwa fungu la samaki la usiku hawezi, wala mama anayeanika kwa mtaji wa kukopa. Mpango wa hiari una nafasi ya kurekebisha hilo kwa kupanga kipumziko kifupi zaidi, mahali panapojulikana, na mfuko wa kuwavusha wale wa mwisho kwenye mnyororo.

Tena kuna pesa ambayo haihitaji samaki wa ziada. Huko Mvugo, kusini mwa Rumonge katika eneo la Nyanza-Lac, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliwafundisha waanikaji kutumia vichanja vya wavu vilivyoinuliwa badala ya kuanika mchangani. Samaki hukauka upesi, hawachanganyiki na mchanga, mvua haiwaozeshi kirahisi, na huuzwa kwa bei ya juu. Kila kilo inayookolewa isioze ni kilo ambayo haikuhitaji kuvuliwa. Mradi wa uhifadhi ukianza kwa kugawa vichanja kabla ya kuomba ghuba ifungwe, utakuwa umeonyesha faida kabla ya kudai kafara.

Mabondeni: udongo, umeme na majani

Miamba ya ziwa haiwezi kusafishwa ziwani. Udongo unaoifunika unatoka kwenye miteremko iliyolimwa wima hadi kileleni. Tangu 1993 mtafiti Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba katika fukwe za Burundi zilizopokea udongo mwingi, aina za viumbe ni chache kuliko katika fukwe ambazo milima yake bado imevaa miti. Udongo huo huo umewahi kuua: mwishoni mwa Machi 2015 maporomoko ya Gitaza, kwenye barabara hii hii, yaliangusha nyumba na kukata njia ya Bujumbura. Barabara ikifungwa, bei ya ndagala na mawese jijini hupanda, na bei ya mvuvi mwaloni hushuka kwa kuwa gari halifiki.

Kwa hiyo mabondeni kuna wafaidika wanaoweza kutajwa kwa majina, na hilo ndilo linalohitajika ili malipo yawezekane. Wa kwanza ni REGIDESO, shirika la taifa la maji na umeme. Mradi wa umeme wa mito Jiji na Murembwe, wenye uwezo wa jumla wa megawati 49.5, ni uwekezaji mkubwa sana kwa nchi ambayo walio wengi bado wanawasha mshumaa. Maji yake yanatoka kwenye milima ya Bururi, na tope likizidi mabwawa hujaa na mitambo huchakaa. Kuwalipa wakulima wa juu waache ukingo wa mto wenye upana fulani na kupanda majani kwenye matuta kunaweza kuwa nafuu kuliko kuchimbua tope kila mwaka.

Mfano wa mpangilio huo upo Naivasha, Kenya. Mwaka 2010 watumiaji wa maji walio kando ya ziwa, wakiwemo wakulima wa maua, walianza kuwalipa wakulima wadogo wa juu ya mto Malewa ambao walikubali kupanda nyasi za kukinga udongo na kuacha kingo. Malipo yalitolewa kwa vocha za pembejeo, kama dola 17 kwa kaya. Kiasi hicho ni kidogo, na baadhi ya watafiti wamesema kwamba peke yake kisingetosha kumshawishi mtu. Kilichowabakiza wakulima ni kwamba matuta yenye nyasi yaliwapa malisho na kuwaongezea maziwa. Malipo yalifungua mlango, na shamba lenyewe likaendelea kulipa.

Burundi ina sababu ya pekee ya kulitazama jambo hilo. Sheria ya Oktoba 2018 ilipiga marufuku mifugo kuzurura na kuamuru ifugwe zizini, ikatoa muda wa miaka mitatu wa kujiandaa. Ng'ombe na mbuzi waliofungwa wanahitaji kuletewa majani kila siku. Ghafla majani ya tembo yakawa na bei. Zile mita 150 za kando ya ziwa, na kingo za mito, ambazo kisheria hazipaswi kulimwa, zinaweza kuwa shamba la malisho linalokatwa bila kuchimbuliwa. Mzizi unabaki, udongo unakaa, ndege wanapata maficho, na mwenye kipande anauza mizigo ya majani. Hapa ndipo pengine faida ya kuacha inapokaribiana zaidi na faida ya kulima, na haihitaji mfadhili wa mbali.

Faida nyingine ya ukanda huo ni hasara isiyotokea. Mwezi Aprili 2024 maji ya ziwa yalivuka mita 777 juu ya usawa wa bahari, karibu yafike kiwango cha 1964, na fukwe nzima kuanzia Gatumba hadi kusini zikapoteza nyumba, mashamba na mialo. Matete hayazuii ziwa kupanda. Lakini aliyekuwa na matete ndani ya mita 150 alipoteza matete, ambayo huota tena. Aliyekuwa na nyumba alipoteza nyumba. Hesabu za uhifadhi mara nyingi husahau mstari huu, kwa sababu hakuna anayetoa risiti kwa msiba ambao haukumfika.

Msituni: subira na udogo

Juu ya mabonde kuna misitu, na hapa ndipo wageni wengi wangependa kuanzia, kwa sababu ya sokwe na biashara ya kaboni. Vitu hivyo viwili vinahitaji tahadhari.

Mfano unaotajwa mara nyingi uko ng'ambo ya ziwa, katika Wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Huko vijiji vinane vya milima ya Ntakata, kwa ubia na kampuni ya Carbon Tanzania, vinauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na misitu ya vijiji, na mapato yamelipia bima ya afya, zahanati, madarasa na walinzi wa msitu. Ni ushahidi mzuri kwamba msitu uliosimama unaweza kuingiza fedha katika mfuko wa kijiji. Lakini msitu ule unazidi hekta 200,000. Rumonge na Vyanda kwa pamoja ni kama hekta 5,000, Bururi ni zaidi ya 3,000 kidogo, na Kigwena haifiki 1,000. Kupima kaboni, kuikagua na kuisajili kuna gharama ambazo hazipungui kwa sababu msitu ni mdogo. Kisha bei zenyewe si za kutegemea: mwaka 2023 soko la hiari la kaboni lilianguka baada ya mashaka kuhusu miradi mingi ya misitu duniani.

Udogo hauzuii kila kitu. Gazi, kusini mwa Mombasa, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko ya hekta 117 tu tangu 2013, ukiingiza kama dola 12,000 kwa mwaka, na fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Gharama zake zilipunguzwa kwa msaada wa watafiti na wanaojitolea. Hifadhi nne za kusini mwa Burundi zikiunganishwa katika andiko moja, pamoja na mashamba ya miti ya wenyeji yanayozizunguka, zinaweza kufuata njia hiyo. Kuzitarajia zifanye kazi ya Ntakata ni kuwadanganya wananchi.

Kuhusu utalii, tuseme ukweli. Rwanda hugawa sehemu ya mapato ya hifadhi zake kwa jamii jirani tangu 2005, kiasi kilichopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 10 mwaka 2017, kwa sababu ina gorila wa milimani ambao mgeni hulipa dola 1,500 kuwaona. Burundi haina mnyama huyo. Sokwe wa Vyanda ni wachache na hawajazoea watu, na mgeni anayetaka sokwe ana Gombe, kusini kidogo ya mpaka, yenye jina tangu enzi za Jane Goodall. Historia nayo ina funzo. Sokwe yatima waliokuwa wakitunzwa Bujumbura walilazimika kuhamishiwa Kenya, katika makazi ya Sweetwaters, katikati ya miaka ya 1990 wakati wa vita. Utalii huondoka siku ya kwanza ya msukosuko. Hata Mara, ambako amani ipo, mwaka 2020 wageni walipokoma kwa sababu ya UVIKO, kodi za wenye ardhi zilipunguzwa.

Msitu wa Rumonge una uchumi wake wa karibu, usio na picha za kuvutia: asali, uyoga wa miombo, dawa, kuni kavu, na chemchemi. Huo ndio unaofaa kuwekwa mbele. Mpango wa TACARE ulioanza 1994 katika vijiji vya jirani na Gombe ulidumu kwa sababu uliwauliza wanakijiji kwanza wanataka nini, na majibu yao yalikuwa afya, shule, maji na mazao. Misitu ya vijiji ilifuata baadaye. Watwa, ambao maisha yao yalifungamana na misitu hii kabla haijaitwa hifadhi, wawe wa kwanza kuulizwa, kwa kuwa ndio waliolipa gharama ya uhifadhi bila kuandikwa katika hesabu yoyote.

Ardhi ya nani?

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba kila kipande kina mwenyewe anayejulikana. Rumonge si hivyo, na yeyote atakayeanzisha mpango bila kulijua hili ataongeza ugomvi.

Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalilipuka katika eneo hili la kusini, na kisasi cha serikali kikaua watu kwa makumi ya maelfu nchini kote. Watu wa Rumonge na Nyanza-Lac walivuka kwenda Tanzania na Kongo. Mashamba yao yakapewa wengine, au yakaingizwa katika mashamba makubwa ya michikichi. Waliporudi, wengi wao baada ya makubaliano ya amani ya Arusha ya mwaka 2000, walikuta mtu mwingine akivuna, tena mara nyingi akiwa na karatasi. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa 2006 kuamua mashauri hayo, na maamuzi yake nayo yakaleta mashauri mapya.

Mahali penye historia hiyo, kuacha ardhi bila kulima kuna hatari ambayo mtaalamu wa nje haioni. Jembe ni ushahidi. Kipande kilichopumzishwa huonekana kipande kisicho na mwenyewe, na jirani, ndugu au mrejeaji anaweza kukidai. Mkulima anayekataa mkataba wa uhifadhi huenda haogopi kupoteza mihogo. Anaogopa kupoteza shamba. Sheria ya ardhi ya Agosti 2011 imeruhusu komini kutoa hati za ardhi kwa njia nyepesi, na hapo ndipo pa kupitia: mkataba wa kuacha uandikwe katika daftari la ardhi la komini, na utamke wazi kwamba kutunza ni kutumia. Katika vipande vyenye mgogoro, malipo yasitolewe kwa upande wowote kabla ya shauri kuisha, kwa kuwa fedha ya uhifadhi itageuka kuwa hukumu.

Lipo pia suala la wanawake. Urithi wa ardhi Burundi bado unaongozwa na mila, na mwenye jina kwenye hati kwa kawaida ni mwanamume, ilhali anayekosa kuni na kipande cha maharage pale ukingo unapoachwa ni mwanamke. Malipo yakienda kwa mwenye hati peke yake, gharama itabaki kwa asiye na hati. Vikundi vya akiba, ambavyo wanawake ndio wengi ndani yake, ni mfereji wa haki zaidi kuliko akaunti ya mwenye jina.

Nani alipe, na kwa kipimo gani?

Kodi ya mafuta ya Costa Rica haiwezi kuigwa katika nchi ambayo kwa miaka kadhaa sasa magari hulala kwenye foleni ya petroli. Bajeti ya serikali ina madai mengine. Wanaobaki ni wafaidika wa karibu: REGIDESO kwa ajili ya mito, wasafirishaji wa samaki hai kwa ajili ya miamba, hoteli za Resha kwa ajili ya ufuo safi, viwanda vya sabuni na wakamuaji wa mawese kwa ajili ya udongo unaozaa. Wafadhili wa nje wanafaa kulipia mwanzo: upimaji, vichanja, miche, hati. Wakilipia pia malipo ya kila mwaka, mpango utakufa siku mradi utakapofungwa.

Kisha kuna kipimo. Faranga ya Burundi imepoteza thamani kwa kasi, na mkataba wa miaka mitano wenye kiasi kisichobadilika utakuwa sadaka kabla haujafika nusu. Ufuo huu una kipimo chake, dumu la mawese, ambalo bei yake kila mtu anaijua kila wiki ya soko. Mkataba ukisema kwamba aliyeacha ukingo atapata thamani ya madumu kadhaa kwa mwaka, kwa bei ya siku ya malipo, hakuna atakayehitaji kuelezwa maana ya mfumuko wa bei.

Kuna watakaopinga kwamba si haki kumlipa mtu ili atii sheria, kwa kuwa mita 150 ni marufuku tayari. Pingamizi hilo lina uzito mahali ambapo sheria inafuatwa na waliokuwepo kabla yake walifidiwa. Pale ambapo familia ililima ukingo huo kabla ya 2012 na haina pengine pa kwenda, sheria imeihamishia gharama yote ya faida ya taifa. Kuilipa ni kumaliza kazi ambayo sheria iliianza. Wengine watauliza kama hatutalipia vipande ambavyo visingelimwa hata hivyo. Baadhi ndiyo, hata Uganda ilikuwa hivyo, na faida bado ilizidi gharama.

Lipi lianze

Ukiweka pamoja yote haya, mpangilio unajitokeza wenyewe. Ziwa litangulie, kwa sababu samaki huzaa na kukua upesi, ghuba haina shauri mahakamani, na kikundi cha mwalo tayari kipo. Kingo za mito na ukanda wa mita 150 zifuate kwa njia ya malisho, kwa kuwa majani yana mnunuzi na REGIDESO ina sababu ya kuchangia. Misitu ije na kaboni baadaye, ikiwa imeunganishwa na baada ya hati kupangwa.

Mtindo uliozoeleka hufanya kinyume: huanza na msitu kwa sababu una sokwe, hushuka mtoni kwa sababu kuna bajeti ya miche, na hufika ziwani mwisho, umebeba marufuku. Rumonge haihitaji kampeni nyingine ya kuwaambia watu umuhimu wa mazingira. Wavuvi waliowazika ndugu zao Gitaza na kuona ndagala wakiadimika wanaujua vizuri. Wanachohitaji ni mwalo mmoja uliokubali kufunga ghuba yake kwa msimu, vichanja vyake vikiwa vimesimama kabla, na daftari la mapato na matumizi likisomwa hadharani kila mwezi. Daftari hilo likionyesha faida, mialo ya jirani itafuata bila kushurutishwa. Likionyesha hasara, itakuwa imejulikana kwa gharama ya ghuba moja, na wavuvi wenyewe watakuwa na haki ya kuvunja mkataba, kwa kuwa hiari isiyo na ruhusa ya kujitoa ni amri yenye jina jingine.